Kufunga Pamoja, Kushangilia Pamoja

Tangu mwaka 2022 Ramadhani na Kwaresima zimekuwa zikikutana kila mwaka, na zitaendelea kukutana hadi 2027. Sababu yake ni ya kalenda tu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ilhali Kwaresima, ijapokuwa nayo huhamahama kwa kuifuata Pasaka, haitoki nje ya miezi ya Februari, Machi na Aprili. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, iliangukia Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku zizo hizo, hata watu wa Nakuru wakaingia kwenye mfungo karibu kwa pamoja, kila mmoja kwa imani yake. Mwaka 2028 Ramadhani itakuwa imekwisha kabla Wakristo hawajapakwa majivu mnamo Machi 1, na baada ya hapo itapita zaidi ya miaka ishirini kabla mifungo hii miwili haijakutana tena. Wanafunzi ninaowafundisha leo watakuwa na watoto wa rika lao.

Katika miaka hii ya kukutana nimesikia hotuba nyingi zinazodai kwamba kufunga pamoja kunatufanya tuwe taifa moja. Nimesikia vilevile, tena mara nyingi zaidi, kwamba wanariadha wetu ndio gundi ya Kenya. Madai haya mawili hupenda kuandamana, kwa kuwa msimu wa mfungo umekuwa pia msimu wa mbio za nyika na wa Safari Rally, na kiongozi anayealikwa kwenye futari leo ndiye atakayepiga picha na bingwa kesho. Mimi ni mwalimu, Mkatoliki mwenye wajomba Waislamu, mpenzi wa riadha kupita kiasi, na madai hayo nayaamini nusu nusu. Ningependa kueleza ni nusu ipi.

Hapa Nakuru watu wa kwanza kuuhisi mfungo ni wauza chakula. Kuanzia saa kumi jioni, kandokando ya barabara za Bondeni, hutokea meza ambazo miezi mingine hazipo: viazi karai vya rangi ya manjano, sambusa, kaimati zilizochovywa shirani, tikiti maji lililokatwa vipande na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki ili inzi wasilifikie. Bei ya ndizi mbivu hupanda, na tende zinazouzwa kwa pakiti ndogo hutoka hadi kwa wauzaji ambao hawajawahi kufunga Ramadhani maishani mwao. Wakati huohuo Ijumaa huwa ngumu kwa wenye vibanda vya nyama choma, maana Mkatoliki anayejali hali nyama siku hiyo, na Mwislamu hali chochote hadi jua lizame. Mchinjaji mmoja ninayemfahamu alinilalamikia kwamba tumefunga sisi lakini aliyefungwa ni yeye. Alicheka, ingawa hesabu yake ya Machi haikumchekesha.

Wikendi niliyoiona yote haya yakikusanyika mahali pamoja ni ile ya tarehe 28 hadi 31 Machi 2024. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29, katikati ya Ramadhani. Asubuhi Wakristo walipita barabarani na Njia ya Msalaba, wakisimama kituo baada ya kituo. Adhuhuri misikiti ikajaa kwa sala ya Ijumaa. Na siku hiyohiyo, upande wa Naivasha ndani ya kaunti yetu hii hii, magari ya Safari Rally yalikuwa yakitimua vumbi huko Loldia, Geothermal na Kedong. Walioshangaa kuona mashindano ya magari siku ya Ijumaa Kuu walisahau kwamba Safari, iliyoanza mwaka 1953, iliendeshwa msimu wa Pasaka kwa miaka mingi, na kwamba wazee wetu walizoea kutoka ibadani na kwenda kusimama kando ya barabara. Mmoja wa madereva waliowashangilia sana alikuwa Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kushinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Sijawahi kumsikia mzee yeyote aliyemwona akipita na matope hadi kwenye kilemba akiuliza dini yake.

Jumamosi ya tarehe 30 magari yalisogea karibu nasi zaidi, Soysambu na Elmenteita, lakini mimi sikwenda. Mchana ule kulikuwa na mbio za nyika za dunia mjini Belgrade, na nilizitazamia kwenye kinyozi kimoja cha Bondeni chenye televisheni iliyoangikwa juu ya kioo. Palikuwa pamejaa, kwa sababu siku ya kuamkia Pasaka kila mzazi humleta mtoto kunyolewa. Beatrice Chebet alipojitenga na wenzake na kwenda kutetea ubingwa wake, huku Wakenya wengine wakimfuata nyuma katika nafasi za juu, mashine ya kunyolea ilizimwa na watu wote wakasimama, pamoja na mteja aliyekuwa bado na shuka shingoni. Walikuwapo waliofunga Ramadhani, wenye midomo mikavu ya saa nane, na waliokuwa wakimalizia siku arobaini zao za Kwaresima, na wengine wengi wasiofunga lolote. Kelele ilikuwa moja. Kwa dakika chache hizo, msemaji yeyote wa umoja wa kitaifa angepata picha aliyoitaka.

Jioni nilirudi pale na mwanangu, maana mchana foleni ilitushinda. Redio ya simu ilikuwa imewekwa kwenye kituo cha Pwani, na adhana ya Magharibi ilipolia kijana mwanagenzi akanyoosha mkono kuchukua tende. Kinyozi akamzuia: "Hiyo ni ya Mombasa. Jua letu bado." Alisema kweli. Mombasa iko mashariki ya Nakuru kwa umbali ambao jua hulitumia zaidi ya dakika kumi kuuvuka, na ndugu zetu wa Kisumu wanalazimika kungoja hata zaidi, karibu dakika ishirini baada ya Mombasa. Basi kijana akairudisha tende ndani ya sahani na kuendelea kufagia nywele. Wakati wetu ulipowadia, kinyozi alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa. Akaweka mashine chini, akanywa maji, akala tende, akatandika mkeka nyuma ya pazia na kusali. Mteja, mzee wa kanisa kwa jinsi nilivyomsikia akizungumza habari za mkesha wa usiku ule, alikaa kimya akijitazama kwenye kioo, upande mmoja kipara na upande mwingine msitu. Hakuangalia saa. Mwenzake mmoja kwenye benchi alipoanza kumtania, alimjibu tu, "Mwache amalize, mzee. Mimi nakula Pasaka kesho, yeye bado ana wiki nzima."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatofautisha matukio mawili ya duka lile. Kushangilia kwa mchana kulikuwa kutamu, na hakukumgharimu mtu. Kungoja kwa jioni kulimgharimu yule mzee robo saa na kiasi fulani cha heshima yake mbele ya watu. Mchana tulijumuika kwa sababu mtu mwingine, mbali sana, alikuwa amejichosha kwa ajili yetu. Jioni mtu mmoja alijinyima kidogo kwa ajili ya jirani ambaye hakumwomba. Nadhani tunapozungumza juu ya umoja tunayachanganya haya mawili, na kwa kuwa la kwanza lina kelele zaidi, ndilo tunalolipa sifa.

Lakini hata wale tunaowashangilia hawakufika pale kwa kushangiliwa. Ukipanda Kaptagat au Iten utaona maisha yanayofanana na mfungo kuliko sherehe. Wanariadha wa kambi huamka kabla ya mapambazuko, hukimbia, hunywa chai, hulala, hukimbia tena, na kati ya Jumatatu na Jumamosi wengi wao hukaa mbali na wake, waume na watoto wao. Eliud Kipchoge, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki na mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42 na ushei chini ya saa mbili, katika jaribio la Vienna la Oktoba 2019, aliendelea kushika zamu ya usafi wa kambi pamoja na wenzake. Kelvin Kiptum, kwa maelezo ya kocha wake, alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki kabla ya marathoni. Alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake, Valencia, London na Chicago, akashinda zote, na ile ya Chicago ya Oktoba 8, 2023 akaimaliza kwa saa 2:00:35, muda ambao hadi siku ile haukuwahi kufikiwa na binadamu katika mashindano yanayotambuliwa rasmi.

Kiptum alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat usiku wa Jumapili, Februari 11, 2024, akiwa na umri wa miaka 24. Pamoja naye alikufa kocha wake, Gervais Hakizimana, raia wa Rwanda. Siku tatu baadaye ilikuwa Jumatano ya Majivu. Sijaisahau ibada ya asubuhi hiyo, wala sidhani kuna Mkatoliki wa Bonde la Ufa aliyeisahau, kwa sababu padre aliposema yale maneno ya kila mwaka, kwamba u mavumbi wewe na mavumbini utarudi, watu walilia kanisani kana kwamba wanayasikia mara ya kwanza. Rafiki yangu Mwislamu anayeuza vipuri mjini alinipigia simu jioni kuniuliza tumesomewa nini. Ramadhani yake ilikuwa bado takriban mwezi mmoja. Tulizungumza juu ya Kiptum, na zaidi juu ya yule Mnyarwanda aliyekuja kuishi katika vijiji vyetu kwa ajili ya vijana wasio wake, na ambaye vyombo vya habari vilimtaja kwa sentensi moja mwishoni.

Sasa nije kwenye nusu nisiyoiamini. Mwaka mwingine ninaoukumbuka ambapo mifungo hii miwili ilianza karibu siku moja ulikuwa 1992. Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 4 na Ramadhani ikaanza papo hapo. Nilikuwa mtoto Mumias, kwa nyanya yangu mzaa mama. Mumias ni mji ambao Uislamu uliingia na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani siku za Nabongo Mumia, na hadi leo familia nyingi za Kiwanga zina shangazi anayevaa buibui na mjomba anayebeba rozari. Kwetu mfungo ulikuwa jambo la jikoni: nani anakula saa ngapi, sufuria ipi itolewe kwanza, na nani amwamshe nani kwa daku. Nyanya, Mwislamu, ndiye aliyekuwa akitukumbusha sisi Wakristo siku za Ijumaa kwamba hatuli nyama, na alikuwa mkali kuliko katekista.

Machi 21 mwaka ule, huku wote tukiwa katika mfungo, John Ngugi alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa mara ya tano, mjini Boston, akikimbia kwenye theluji. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, alikuwa William Mutwol. Mkikuyu na Mmarakwet, jezi moja. Wanaume wa Kenya waliutwaa ubingwa wa timu, kama walivyofanya kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003 bila kukosa. Na wiki zizo hizo watu walikuwa wakifukuzana kwa mishale na moto huku kwetu. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, mpakani mwa Nandi na Kisumu, yalikuwa yamefika Sondu, na mwaka ule yakasambaa Molo, Olenguruone na hadi Mlima Elgon. Wakikuyu na Wakalenjin, Waluo na Wakalenjin, Wabukusu na Wasabaoti. Waliochomeana nyumba walikuwa wamefunga, au walitoka katika nyumba zilizofunga, na bila shaka baadhi yao walisikia redioni kwamba Ngugi ameshinda na wakafurahi.

Sijui njia ya kulizunguka jambo hilo, na sipendi makala zinazolizunguka. Mfungo wa pamoja haukuzuia. Bingwa hakuzuia. Baada ya uchaguzi wa 2007 hata bingwa mwenyewe hakusalimika: Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa Eldoret mkesha wa mwaka mpya, na mnamo Januari 2008 mkimbiaji wa marathoni Wesley Ngetich akauawa kwa mshale upande wa Trans Mara. Mwaka mmoja kabla ya hapo wangepokewa kwa mursik, yale maziwa ya Kikalenjin ya kuwalaki washindi.

Kuna na kisa cha Robert Wangila, ambacho vijana wa siku hizi hawakijui. Yeye alitwaa dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, na hadi sasa hakuna Mkenya mwingine aliyeipata. Nakuru tunaipenda ndondi. Hapa mjini kuna ukumbi wa masumbwi ambao wenyeji waliupa jina la Madison Square Garden bila haya yoyote, na huu ndio mji uliompa Kenya Philip Waruinge, mshindi wa shaba Mexico mwaka 1968 na fedha Munich mwaka 1972. Basi Wangila tulimchukua kama wetu sote. Alikuwa amesilimu. Alipofariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, ulizuka mvutano kati ya waliotaka azikwe Kiislamu na waliotaka azikwe Kikristo. Ushindi wake tuligawana bila taabu. Maiti yake ndiyo iliyotushinda kugawana.

Hata hivyo haingekuwa haki kuishia hapo, kwa sababu michezo imewahi kufanya kazi ambayo hotuba haziwezi, na imeifanya pale ilipowalazimisha watu kutegemeana. Chukua klabu ya soka ya AFC Leopards. Ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na ilipofika 1980, serikali ilipoamuru vilabu viache majina ya kikabila, ikawa Leopards, lakini mashabiki wake wengi waliendelea kuwa wale wale wa Magharibi. Langoni mwake, katika miaka ya utukufu wake, alisimama Mahmoud Abbas, Mwislamu wa Pwani, aliyeitwa "Kenya One" na nchi nzima. Mjomba wangu Mkristo wa Kakamega alikuwa akimwombea Abbas kabla ya mechi dhidi ya Gor Mahia kwa bidii ambayo hakuwahi kuwaombea watoto wake. Na wapinzani hao wawili, Waluhya na Waluo, waliupa mchuano wao jina la mashemeji, kwa kuwa wameoana mno kuweza kuchukiana siku saba za wiki. Wanarushiana matusi Jumapili, na Jumatatu mmoja anampelekea dada yake aliyeolewa upande wa pili gunia la mahindi.

Chukua pia Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi, Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994. Alipoanzisha wakfu wake wa amani mwaka 2003 hakutosheka na kuhubiri. Alianzisha mbio Kapenguria na kuwaita vijana wa Kipokot, Kiturkana, Kimarakwet na wengineo, waliokuwa wakiibiana ng'ombe kwa bunduki, waje wakimbie pamoja. Ili ukimbie ni lazima kwanza uiache bunduki nyumbani, na ni lazima uamini kwamba mwenzako naye ameiacha. Hiyo ni tofauti na kumshangilia Tegla kwenye televisheni. Sisemi mbio hizo zilimaliza wizi wa mifugo, kwani haukwisha. Nasema tu kwamba walioshiriki walitakiwa kutoa kitu.

Faith Kipyegon anatoka Keringet, ndani ya kaunti hii ya Nakuru, jirani na Olenguruone. Alizaliwa Januari 1994, wakati ambapo majivu ya mapigano ya eneo lile yalikuwa hayajapoa, na alikuwa na miaka 13 vurugu zilipolipuka tena Kuresoi. Leo ana dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki katika mita 1,500, Rio, Tokyo na Paris, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine amelifanya katika mbio hizo, na mnamo Julai 5, 2025 mjini Eugene aliishusha rekodi yake ya dunia hadi dakika 3:48.68. Aliposhinda Rio mwaka 2016 kijiji chao cha Ndabibit kikaunganishiwa umeme, na jirani wa kila kabila akawasha taa kutoka nguzo ileile. Napenda kisa hicho kuliko picha zote za ikulu, ingawa kinaniudhi pia, maana hakuna kijiji kinachostahili kungoja binti yake atoke jasho Brazil ndipo kipate nguzo za stima.

Kinachoniudhi zaidi ni futari za wanasiasa. Mwezi ukifika siku ya kumi hivi, huanza kutangazwa karamu za hotelini, na waalikwa wa kwanza huwa wapiga picha. Unga na tende hugawiwa katika mifuko yenye sura ya mgawaji. Kundi lilelile ndilo hukimbilia uwanja wa ndege timu ikirudi na nishani, likimvisha bingwa shada la maua huku likimsukuma kocha pembeni. Nimewahi kuhudhuria futari moja ya namna hiyo hapa Nakuru, ambapo mgeni rasmi alichelewa na wenyeji wakaombwa wasubiri kula hadi afike. Waliofunga tangu alfajiri waliketi mbele ya sahani zilizofunikwa, adhana imekwisha kulia, wakimngoja mtu ambaye hakufunga. Mzee mmoja alitoa kokwa la tende mdomoni, akaliweka mezani mbele ya kila mtu, na kuanza kujipakulia. Nilimpenda sana.

Mambo haya yote yamenirudisha kwenye uwanja wa shule yetu, ambapo mimi ni mlezi wa timu ya riadha. Riadha za shule za upili huwa muhula wa kwanza, kwa hiyo tangu nianze kazi hii hapa, mazoezi yetu mazito yamegongana na mfungo. Tuna msichana mmoja Mwislamu anayekimbia mita 1,500. Hatangazi kwamba amefunga. Unagundua kwa kuona hasukutui kinywa wenzake wanapopokezana chupa. Mwaka juzi tulikuwa tukifanya mazoezi saa tisa na nusu, jua kali, naye akizimaliza raundi zake kwa miguu iliyokufa ganzi na kurudi nyumbani kungoja muda mrefu zaidi kabla ya maji. Kocha, ambaye ni Mpentekoste na hafungi Kwaresima wala Ramadhani ila ile mifungo yao ya Januari, alilisoma jambo hilo kwenye intaneti, akawauliza madaktari wawili, na akatuletea uamuzi: siku za mazoezi ya kasi, timu nzima itaanza saa kumi na moja na nusu, ili akimaliza, Magharibi iwe imefika na anywe palepale.

Uamuzi huo haukupendwa na kila mtu. Wanafunzi wa bweni walikosa foleni ya mbele ya chakula cha jioni. Mzazi mmoja alipiga simu kulalamika kwamba mwanawe anafika nyumbani gizani kwa sababu ya dini ya mtu mwingine, na sikuwa na jibu la kumfurahisha, kwani lalamiko lake kuhusu giza lilikuwa la kweli. Tulichofanya ni kumtafutia mwendeshaji bodaboda tunayemwamini. Wakatoliki wa timu, ambao wengi wao hawajafikisha miaka 18 na kwa hiyo kanisa haliwalazimishi kufunga, ila tu kuacha nyama wakishatimiza 14, walikuwa wameamua wenyewe kuacha soda hadi Pasaka. Pesa za soda zikanunua ndizi na tende. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, na sikuthubutu kuwasifu, maana vijana wa umri huo ukiwasifu wanaacha.

Mwaka huu mashindano ya kaunti ndogo yalipangwa mchana, mita 1,500 saa saba kamili. Baba yake yule msichana alitueleza kwamba msafiri wa safari ndefu anaruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, lakini kutoka nyumbani kwao hadi uwanjani ni matatu moja tu, na hiyo si safari. Basi alikimbia akiwa amefunga, akamaliza wa nne, na watatu wa kwanza ndio waliosonga mbele. Wa tatu alikuwa mwenzake wa timu moja naye, yule aliyeacha soda. Walikaa chini ya mti mmoja wakivua viatu na kubishana kuhusu mzunguko wa tatu, kwamba nani alimfungia nani njia.

Tumewaandikia waandaaji kuwaomba kwamba mwaka 2027, ambapo Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8 na Jumatano ya Majivu ni Februari 10, mbio za kuanzia mita 1,500 kwenda juu zikimbiwe saa mbili asubuhi, ambayo ni nafuu kwa wote, waliofunga na wasiofunga, kwa sababu ya jua. Bado hawajatujibu. Kocha amesema wasipojibu kufikia mwisho wa muhula atakwenda mwenyewe ofisini kwao, na msichana, ambaye mwakani atakuwa kidato cha nne, ameniarifu kwamba haitaki tena mita 1,500. Anataka 3,000.